Sukari Iko Sawa, Mwenyewe Je?

Kuna maneno matatu ambayo mtu mwenye kitambi akishaambiwa, hata daktari wake hana tena la kumwambia: "Sukari iko sawa." Ameyasikia chini ya turubai kwenye kiwanja cha wazi karibu na Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani. Ameyasikia kwenye duka la dawa mtaani, kanisani baada ya ibada, msikitini baada ya swala ya Ijumaa, kazini siku ya bonanza. Alichomwa kidole, tone likanyonywa na stripu, sekunde chache baadaye mashine ikaandika 5.4. Akarudi nyumbani kwa kupitia kibanda cha chipsi mayai, moyo mweupe.

Nadai kwamba kwa watu wengi wanaoambiwa maneno hayo, kipimo kilichofanyika hakina uwezo wa kuyathibitisha. Kabla sijaeleza kwa nini, niwatendee haki wanaokitetea, maana ni watu wenye akili na nia njema. Wanasema hivi. Kisukari cha aina ya pili kimeenea: uchunguzi wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 ulikuta sukari ya juu kwa takriban asilimia 9 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Wengi wao hawajijui. Kipimo cha kidole ni rahisi, hakihitaji maabara wala mtaalamu aliyesoma miaka mingi, na kwa siku moja turubai moja linahudumia umati. Ugonjwa wenyewe unaitwa kisukari, basi tupime sukari. Vipimo vingine vya damu ni anasa za hospitali za kulipia, na hata vikifanyika, ushauri wa mwisho ni uleule: punguza wanga, punguza kitambi, tembea. Kwa nini basi tujisumbue?

Tuanze na hilo la "tupime sukari".

1. Sukari ndiyo ya mwisho kuharibika

Insulini hutoka kwenye kongosho. Kazi yake ni kuifungulia sukari njia iingie kwenye misuli na kwenye mafuta, na kuliambia ini lipunguze kumwaga sukari kwenye damu. Misuli na ini vinapoanza kuwa vizito vya kusikia, kongosho halisalimu amri, linaongeza insulini. Badala ya kiasi kimoja linatoa viwili, kisha vitatu, na sukari inabaki palepale ilipokuwa. Huo ndio ukinzani wa insulini, na unaweza kuendelea kwa miaka bila mwenyewe kuhisi lolote. Duka linaloendeshwa kwa mikopo nalo rafu zake hujaa; anayepita barabarani hajui kwamba mwenye duka hapati usingizi. Kupima sukari peke yake ni kuhesabu bidhaa za rafuni.

Hili si jambo jipya. Daktari Harold Himsworth aliandika London mwaka 1936 kwamba kuna wagonjwa wa kisukari ambao miili yao inaitikia insulini vizuri na wengine ambao insulini hiyohiyo haiwafanyi kitu. Karibu mwaka 1960 Rosalyn Yalow na Solomon Berson, wakiwa kwenye hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Bronx, New York, wakapata njia ya kupima insulini yenyewe ndani ya damu. Wakakuta kwamba watu wengi waliopata kisukari ukubwani hawakuwa na upungufu wa insulini kama ilivyodhaniwa; walikuwa nayo tele. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977, Berson akiwa ameshafariki. Zaidi ya miaka 60 imepita, na chini ya turubai tunaendelea kuuliza swali la kabla yao.

Chukua watu wawili waliolala bila kula, wote wawili sukari yao ya asubuhi ni milimoli 5.0 kwa lita. Wa kwanza ana insulini ya mikrouniti 5 kwa mililita. Wa pili ana 18. Mwaka 1985 watafiti wa Oxford walitoa hesabu nyepesi ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya: zidisha insulini kwa sukari, gawanya kwa 22.5. Wa kwanza anapata 1.1, wa pili anapata 4.0. Kongosho la huyu wa pili linafanya kazi zaidi ya mara tatu ili kuleta jibu lilelile. Chini ya turubai wote wawili wanapewa kikaratasi kimoja, na yule wa pili ndiye anayeshangilia zaidi kwa sababu ndiye aliyekuwa na wasiwasi.

Na je, sukari inapoanza kupanda, inatoa taarifa mapema? Watumishi wa serikali wa Uingereza zaidi ya 6,500 walifuatiliwa kwa miaka mingi katika utafiti uitwao Whitehall II, na matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba kwa waliokuja kuugua, mwili ulianza kuwa mzito kwa insulini kwa kasi miaka kama 5 kabla ya ugonjwa kutambuliwa, ilhali sukari ya asubuhi ilianza kupaa miaka kama 3 tu kabla. Tena katika hatua hiyo ya miaka 3 kabla, wastani wa sukari yao ulikuwa takriban 5.8. Shirika la Afya Duniani linaanza kushtuka kwenye 6.1. Watu wale wangepita turubai lolote la Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura na kupigiwa makofi.

Utafiti mwingine mkubwa wa Uingereza, UKPDS, ulikadiria kwamba siku mtu anapotambuliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili, nguvu ya kongosho lake imeshapungua kwa karibu nusu. Kwenye bango la turubai imeandikwa "Kinga ni bora kuliko tiba". Chini ya bango kuna mashine ambayo kazi yake hasa ni kumkamata aliyekwisha kupoteza nusu.

2. Kosa linaloruhusiwa ni pana kuliko hali inayotafutwa

Hapa naomba mtetezi wa kipimo cha kidole anisaidie hesabu. Kiwango cha kimataifa cha mashine za mkononi, toleo la 2013, kinataka majibu 95 kati ya 100 yawe ndani ya asilimia 15 ya ukweli pale sukari inapokuwa 5.6 na kuendelea. Mashine inayotimiza hilo ni mashine nzuri, imepita. Sasa mtu ambaye sukari yake halisi ya asubuhi ni 6.5, yaani yumo katikati kabisa ya eneo la hatari la 6.1 hadi 6.9, anaweza kusomwa 5.5 au 7.5 na mashine isiwe na kosa lolote kisheria. Kwa 5.5 ni mzima. Kwa 7.5 anaingia eneo la kisukari. Chombo kile kilitengenezwa kumsaidia mgonjwa anayejijua afuatilie sukari yake nyumbani, na kwa kazi hiyo ni msaada mkubwa. Sisi ndio tuliokipandisha cheo kuwa hakimu.

Na hapo nimezungumzia mashine inayotunzwa. Stripu zilizoachwa wazi juani, kidole kilichotoka kumenya embe, mtu mwenye upungufu wa damu: kila kimoja kinapindisha jibu. Halafu liko suala la chakula, ambalo chini ya turubai halina jibu. Saa 4 asubuhi nani hajanywa chai? Akionyesha 8.5 anaambiwa, "Ni kwa sababu umekula." Akionyesha 5.4 baada ya kula, haulizwi alikula nini, lini, wala kiasi gani. Chakula kinatumika kusamehe namba kubwa na kinasahaulika mbele ya namba ndogo. Kipimo ambacho kila jibu lake linaishia kwenye "sawa" kinapima subira ya waliopanga foleni.

3. Eti vingine ni anasa

Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha kazi ya Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao kutoka vijiji sita vya Tanzania. Vijiji, tena vya miaka ya 1980. Hawakuchoma kidole na kuondoka. Waliwanywesha watu wazima gramu 75 za glukosi kwenye maji na kuchukua damu baada ya saa 2. Kisukari chenyewe walikikuta kwa chini ya asilimia 1 ya watu. Lakini waliokuwa na hali ya katikati, wale ambao mwili wao ulishindwa kuiondoa sukari ile kwa wakati ingawa hawajafika kwenye kisukari, walikuwa karibu asilimia 8. Kwa kila mgonjwa mmoja walikuwapo watu wanane au zaidi waliokuwa njiani.

Jambo lililowezekana kijijini wakati ule leo linaitwa anasa mjini, mahali ambapo kila duka lina unga wa glukosi na kila kituo cha afya kina benchi.

Kipimo hicho cha saa 2 ndicho ninachokitetea kwa nguvu zangu zote, kwa sababu kinaufanyia mwili mtihani. Sukari ya asubuhi inaonyesha hasa hali ya ini usiku, mtu akiwa amelala. Sukari ya saa 2 baada ya kunywa glukosi inaonyesha misuli inavyopokea mzigo. Aliye na ukinzani kwenye misuli anaweza kuamka na 5.2 na baada ya saa 2 akawa na 9.6, na mpaka wa wasiwasi ni 7.8. Damu inachukuliwa mara mbili, kwenye mshipa, na kati ya mara hizo mtu anakaa kimya asitembee wala asivute sigara. Hakuna mashine ya ajabu hapo.

Watasema: nani atasubiri saa 2? Mtu huyohuyo anayesubiri zaidi ya hapo kumwona daktari dakika 5.

Nakubali kwamba damu ya mshipa nayo inaweza kudanganya ikichezewa. Damu iliyoachwa mezani kwenye kichupa bila kutenganishwa inaendelea kula sukari yake yenyewe, asilimia 5 hadi 7 kila saa. Sampuli iliyochukuliwa asubuhi zahanati na kufika maabara ya wilaya mchana kwa bodaboda inaweza kuzalisha "iko sawa" nyingine ya kutengenezwa. Dawa yake ni kutenganisha damu mapema au kuiweka kwenye barafu. Hilo ni suala la utaratibu, na utaratibu hauhitaji wafadhili.

4. Na ninyi wa vifurushi, msicheke

Huenda hadi hapa kuna mwenye maabara ya kulipia anayetikisa kichwa kwa furaha. Kwenye orodha yake kuna "uchunguzi wa mwili mzima", ndani yake insulini ya asubuhi, ile hesabu ya Oxford iliyokwisha pigwa na kompyuta, lehemu za aina zote, na kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 au 3. Jibu linatoka kwenye karatasi ya rangi, namba nyekundu zimepigwa mstari. Huyu naye anauza uhakika asio nao, tofauti ni kwamba wake una risiti.

Kipimo cha insulini hakijasawazishwa kati ya maabara na maabara. Damu moja ikipelekwa sehemu mbili zenye mashine tofauti inaweza kurudi na namba zinazogombana. Chembe nyekundu zikipasuka kwenye kichupa, insulini inaharibiwa na jibu linashuka. Hakuna mpaka mmoja unaokubalika duniani wa kusema kuanzia hapa ni ukinzani, na mingi inayochapishwa kando ya majibu yetu imetokana na watu wa mabara mengine. Ndiyo maana miongozo mikubwa ya kisukari haipendekezi kila mtu apimwe insulini. Inafaa kwa daktari anayejua anatafuta nini, kwa mgonjwa anayemjua, akilinganisha namba za maabara moja.

Njia ya mkato ya lehemu ina tatizo kubwa zaidi kwetu. Kwa Wazungu, trigliseridi, yaani mafuta ya kwenye damu, zikiwa juu na lehemu nzuri ikiwa chini, hiyo ni ishara ya kuaminika kiasi kwamba insulini haisikiki. Anne Sumner na wenzake kwenye taasisi za taifa za afya za Marekani wameonyesha kwamba kwa watu wenye asili ya Afrika ukinzani unaweza kuwapo na trigliseridi zikabaki za kawaida kabisa. Anayekuambia huna ukinzani kwa sababu lehemu zako ni nzuri amekupima kwa futi kamba ya mtu mwingine.

HbA1c nayo ina matatizo yake. Mtu aliyerithi kinasaba kimoja cha selimundu, na wako wengi kuanzia Kanda ya Ziwa hadi Pwani, anaweza kusomwa chini kuliko sukari yake ilivyo. Mama mwenye upungufu wa madini ya chuma anaweza kusomwa juu. Karatasi ya rangi haikuulizi lolote kati ya hayo.

Tena kuna Waafrika ambao sukari yao inaharibika bila ukinzani mkubwa, watu wembamba ambao kongosho lenyewe ndilo linaloshindwa. Kuwapima insulini na kukuta iko chini kutawapa faraja ya uongo kuliko hata turubai. Kipimo cha saa 2 kinawanasa hawa na wale, kwa sababu hakijali kosa liko upande gani, kinaangalia kama kazi imefanyika. Sijui kifurushi kinachokiweka mbele. Kinachukua muda na hakina rangi.

5. "Ushauri ni uleule"

Hoja hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, na ndiyo iliyoleta hasara kuliko zote.

Ni kweli kwamba mwenye ukinzani na asiye nao wote wanafaa kutembea na kupunguza soda. Lakini ushahidi kwamba maisha yakibadilika kisukari kinazuilika ulipatikana kwa watu gani? Mwaka 1986 huko Da Qing, China, zaidi ya watu 110,000 walichunguzwa ili wapatikane 577 walioshindwa mtihani wa saa 2 bila kufika kwenye kisukari. Wengi kati yao wakafundishwa kula, kufanya mazoezi au vyote viwili kwa miaka 6. Miaka 30 baadaye, waliofundishwa walikuwa wamechelewa kuugua kwa takriban miaka 4 kuliko wenzao wasiofundishwa, na vifo vyao vya moyo na mishipa vilipungua kwa karibu theluthi moja. Marekani nao waliwachukua watu 3,234, wakawataka baadhi yao wapunguze asilimia 7 ya uzito na wafanye mazoezi dakika 150 kwa wiki. Matokeo ya mwaka 2002 yakaonyesha kwamba kisukari kipya kilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformin kilipungua kwa asilimia 31. Nao walichaguliwa kwa kunywa glukosi na kusubiri.

Maana yake ni kwamba ushauri ule ulifanya kazi kwa watu walioonyeshwa namba zao, wakapewa mtu wa kuwafuatilia na kurudi kupimwa. Sisi tumechukua maneno ya ushauri, tukaacha kuchagua, tukaacha kufuatilia, kisha tunashangaa kwamba watu hawasikii. Mtu uliyemwambia dakika moja iliyopita kwamba sukari yake iko sawa, kwa nini aache chapati? Cheti umempa wewe mwenyewe.

Wapo ambao damu yao ilishasema mapema na hakuna aliyewarudia. Mwanamke aliyepata kisukari cha ujauzito kikaisha baada ya kujifungua ana hatari kama mara 7 ya kupata kisukari cha aina ya pili kuliko mwenzake ambaye hakukipata. Mtoto akimaliza chanjo, kliniki inamalizika, na mama anaondoka na kadi ya mtoto mkononi. Wapo wenye weusi mnene kama mahameli nyuma ya shingo na kwapani, dalili ambayo mara nyingi inatokana na insulini kuzidi mwilini. Hao tunawauzia sabuni ya kusugulia na mkorogo. Binti ambaye hedhi zake zinapotea miezi kwa miezi na ndevu zinamwota kidevuni, dalili zinazoweza kuambatana na ukinzani huohuo, anaambiwa akipata mtoto zitakaa sawa.

Watu kama hawa hawahitaji kutafutwa kwa stripu. Wanatafutwa kwa maswali machache na futi kamba ya fundi cherehani. Mipaka ya kiuno inayotumika kwetu, sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke, imeazimwa kutoka Ulaya, kwa hiyo isigeuzwe msahafu, lakini kwa kuchagua nani anyweshwe glukosi inatosha. Kijana wa miaka 22 asiye na dalili, ambaye mzazi wake hana kisukari, aruhusiwe kwenda zake na kidole chake kizima.

6. Nani anahesabu nini

Turubai linapokunjwa jioni, ripoti inaandikwa. Waliofika, wangapi. Waliopimwa, wangapi. Waliokutwa na sukari ya juu, wangapi, wamepewa rufaa. Picha tano, tisheti za rangi moja. Anayelipia kazi hiyo anataka kuona safu ya "waliopimwa" ikiwa ndefu, na hakuna kipimo kinachoirefusha safu hiyo kama kile cha sekunde 5. Kwa saa 2 utawapima wachache mno, picha zitatoka na watu wamekaa kwenye benchi wakipiga miayo.

Gharama haimo kwenye ripoti hiyo kwa sababu inalipwa miaka kadhaa baadaye, kwenye dirisha jingine: kliniki ya macho, wodi ya vidonda vya miguu, kitengo cha kusafisha damu. Wanaolipa pale ni familia zinazouza kiwanja, na mgonjwa anaapa kwamba alikuwa akipima kila mwaka na aliambiwa yuko sawa. Anasema kweli.

Kama wafadhili na halmashauri wanataka turubai libaki, na libaki, ripoti yake iongezwe safu mbili: wangapi walipimwa kiuno na kuulizwa historia yao kabla ya kuguswa kidole, na wangapi kati ya hao walirudi siku ya pili na njaa zao, wakanywa glukosi, wakatoa damu mara mbili. Mwaka wa kwanza safu hizo zitakuwa karibu tupu. Zichapishwe hivyohivyo.